Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mwalimu mnasihi apewe muda wa kuwasikiliza vijana

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Nakuandikia nikiwa mzazi wa watoto walioko sekondari, kuhusu msongo wa mawazo unaowaelemea vijana wetu, hasa wa Kidato cha Pili na cha Nne, ambao hofu ya mitihani ya taifa ya mwisho wa mwaka huwaanza tangu Januari.

Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia Kidato cha Kwanza akakuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na anaponyamaza kwa kuwa hajaelewa, huhesabiwa mvivu. Zipo shule za bweni zinazowaamsha wanafunzi saa kumi alfajiri baada ya kuwaacha kwenye prepo hadi usiku mwingi, ilhali kijana wa umri huo anahitaji kulala kwa muda wa saa nane hadi kumi. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora, uamuzi ninaouunga mkono kwa dhati, lakini shuleni bado hubandikwa orodha inayomwonyesha kila mtu nani kashika mkia.

Ombi langu kubwa ni kuhusu mwalimu wa ushauri na unasihi. Mara nyingi mwalimu huyo ana vipindi kamili kama wenzake, hana chumba cha faragha, na pengine ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Sielewi tunamtarajiaje binti aliyekosa usingizi kwa wasiwasi, au kijana anayewaza kujidhuru, amfungulie moyo mtu aliyemchapa wiki iliyopita. Akienda, atazungumza naye ofisini mbele ya walimu wengine, na kesho yake atahisi shule nzima inajua.

Kwa kuwa shule za serikali zinaendeshwa chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, naomba ushirikiane na waziri mwenzako mtoe waraka mmoja utakaompunguzia mnasihi vipindi, umtenganishe na kazi ya adhabu, umpatie mafunzo ya kutambua dalili za sonona na utaratibu wa kumpeleka mwanafunzi hospitali inapobidi. Waraka huohuo uweke saa za kulala bwenini ambazo mkuu wa shule hataruhusiwa kuzipunguza, hata mtihani ukikaribia, na wathibiti ubora wa shule wazikague kama wanavyokagua maandalio ya masomo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Morogoro