Kabla hujakalia kiti cha keshia

Mwanangu,

Uliponipigia jana kuniambia umepata kazi ya ukeshia, nilifurahi sana. Ila kuna neno ulilolisema ukicheka, likaninyima usingizi: eti rafiki zako wameshaanza kuuliza utawafanyia "mpango" gani wakija dukani. Najua ni utani. Lakini nimekagua hesabu za maduka miaka mingi, na wengi niliowaona wakitolewa kaunta na polisi hawakuanza kwa kuchota noti kwenye droo. Walianza na rafiki.

Rafiki analeta vitu vitano, keshia anaskani vitatu. Kesho yake mteja anaondoka bila risiti. Mauzo yanafutwa, hela inaingia mfukoni. Baadaye yanaandikwa marejesho ya bidhaa ambayo haikurudi. Droo jioni inalingana kabisa, na mwenyewe anajiona mjanja. Hajui kwamba mashine imeandika saa, kitufe kilichobonyezwa na jina la aliyeingia. Sisi wakaguzi huwalinganisha makeshia. Mmoja akifuta mauzo kuliko wenzake wote, tunafungua picha za kamera za dakika ileile na kuuliza swali moja tu: mteja alikuwepo pale kaunta?

Ukidhani adhabu yake ni kufukuzwa kazi, hapo unakosea. Sheria nyingi humwona mwajiriwa mwizi kuwa mbaya kuliko mpita njia, maana yeye alikabidhiwa. Kenya, kwa mfano, wizi wa kawaida ni kifungo kisichozidi miaka 3, lakini karani au mtumishi anayemwibia mwajiri wake anaweza kufungwa hadi miaka 7. Uingereza, chini ya Sheria ya Wizi ya mwaka 1968, kughushi hesabu ni kosa linalojitegemea, nalo lina hadi miaka 7. Kwa hiyo marejesho ya uongo yanaweza kuzaa mashtaka mawili, na rafiki aliyebeba mfuko akasimama kizimbani pamoja nawe. Tajiri naye anaweza kudai fedha zake kando.

"Nilikopa tu, ningerudisha mwisho wa mwezi." Maneno haya nimeyasikia hadi yamenichosha. Sheria ya Kenya imeyajibu waziwazi: kuchukua fedha za mtu uzitumie upendavyo ni wizi, hata kama ulinuia kulipa. Kurudisha huweza kupunguza adhabu, kosa likabaki palepale.

Namba yako ya siri usimpe mtu, hata msimamizi mwenye haraka. Ukienda msalani, funga mashine. Akifanya mwingine kwa jina lako, wewe ndiye utakayeitwa kwanza.

Halafu, usiishi kwa hofu. Kukosea chenji si wizi. Wizi unataka nia. Droo ikipungua, sema siku hiyohiyo na iandikwe. Wakikuita ofisini na kukusukumia karatasi ya kukiri uisaini "ili yaishe", isome yote. Kama si kweli usisaini, uombe wakili. Nimeona watoto wa watu wakisaini kwa uoga tu, kisha karatasi ile ikasomwa mahakamani.

Rafiki zako wakija, waelekeze kaunta ya mwenzako. Zamu ya kwanza ikiisha nipigie, hata iwe usiku.

Ni mimi baba yako.