Wanafunzi wa vyuo wasikae benchi la nyuma

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na washarika wenzangu wa Mbeya. Vyuo vikifunguliwa mwishoni mwa mwaka, mvua nazo zikianza, daladala za Mwanjelwa hujaa vijana wenye masanduku na ndoo mpya. Jumapili inayofuata tunawaona kanisani.

Mwaka juzi binti mmoja wa mwaka wa kwanza alikaa benchi la nyuma kwetu miezi miwili. Tulimsalimia mlangoni, basi. Alipougua malaria, waliomhudumia ni wenzake wa ushirika wa chuo. Walichangishana nauli ya kumpeleka hospitali, wakampikia uji kwenye jiko la mchina, wakapokezana kulala sakafuni kando ya kitanda chake. Sisi wazee wa kanisa tulisikia wiki moja baadaye. Niliona aibu sana, na sijaisahau.

UKWATA, TAFES, CASFETA: vikundi hivi vya ushirika wa wanafunzi Wakristo vinabebwa na wanafunzi wenyewe. Mwenyekiti ni kijana wa miaka 21 au 22, ana mitihani yake, ana ada inayomkosesha usingizi, na bado wenzake wanamgongea mlango usiku wakitaka kuombewa. Sisi tunawakumbuka tunapohitaji kwaya ya harambee!

Ombi langu ni dogo. Kila nyumba inayoweza imchukue mwanafunzi mmoja, ale nasi wali na maharage Jumapili, ajue namba ya kupiga akiugua usiku. Kwangu wanakuja wawili. Nafasi ya wa tatu ipo.

Mama na msharika,
Mwanjelwa, Mbeya