Usiisome rasimu yako hewani kabla ya barua hii

Mwanaisha wangu,

Salamu nyingi, na mama mpe pole ya mguu. Niwie radhi kwa ukimya, Bi Saumu atakueleza yote. Naandika mbiombio kwa sababu ya rasimu ya kipindi chako cha redio kuhusu mchezo wa kuteremka kwa sleji kwenye barafu. Imeandikwa vizuri, ila ina mambo mawili yanayoninyima raha.

Umesema mchezo ulianza na Olimpiki ya 1924. Hapana, dada. Sleji yenyewe ni chombo cha kale cha kubebea kuni na majani ya mifugo kwenye theluji. Mchezo ulizaliwa Uswisi, Davos na St. Moritz, walikokuja wageni, Waingereza wengi, kukaa majira yote ya baridi. Wakichoka kukaa hotelini walichukua sleji na kuteremka nazo barabarani, wakiwagonga wapita njia. Caspar Badrutt, mwenye hoteli pale St. Moritz, akaona heri awajengee njia yao. Tarehe 12 Februari 1883 yakafanyika mashindano ya kimataifa kutoka Davos hadi Klosters: washiriki 21, kilomita 4 hivi. Georg Robertson, mwanafunzi kutoka Australia, na Peter Minsch wa Klosters walitoka sare kwa dakika 9 na sekunde 15. Majira ya 1884/85 ikajengwa Cresta, njia ya barafu ya St. Moritz.

Hiyo njia ndiyo ningependa msikilizaji aishike. Barabarani kasi ilikuwa na mwisho wake, maana kona ikikuzidi unatupwa nje. Kona ikiinuliwa ukuta wa barafu, sleji inapanda ukutani na kushuka bila kupunguza mwendo. Kasi ilipopatikana, sleji ya kuni haikufaa tena. Ndipo vyombo vikaachana: wengine wakalalia kifua, na hiyo ndiyo skeletoni; wengine wakaunganisha sleji mbili kwa ubao, ya mbele ikageuzwa kwa usukani, na hiyo ndiyo bobu. Ya 1924 uliyoitaja, kule Chamonix, ilikuwa bobu peke yake. Skeletoni iliingia 1928 na 1948, kisha ikapotea hadi 2002. Kwa nini miaka hiyo miwili? Kwa sababu michezo ilifanyika St. Moritz, na Cresta ilikuwa pale.

La pili ndilo zito zaidi: umeita luji na skeletoni kitu kimoja. Skeletoni unalala kifudifudi, kichwa mbele. Luji, iliyoingia Olimpiki 1964, unalala chali, miguu mbele, na huoni njia vizuri. Unaanza umekaa, unashika vishikio viwili, unajivuta mbele na nyuma, unajirusha, kisha unapiga makasia kwenye barafu kwa glavu zenye misumari midogo, ndipo unalala. Kwenda kushoto unabana kwa shavu la mguu wa kulia na kukandamiza bega la kushoto. Ukichelewa kuingia konani unatoka umeelekea ukuta wa pili, unaugusa, na muda umekwenda. Ukirekebisha kwa nguvu, vyuma vya chini ya sleji vinakwenda upande na kukwangua barafu, nako ni kupoteza pia.

Vyuma hupimwa joto kabla ya kuondoka, maana chuma cha moto huyeyusha barafu na kuteleza zaidi. Na uzito: mzito na mwepesi wanasukumwa na upepo karibu sawa, lakini mzito anavutwa chini kwa nguvu zaidi. Oslo 1952 Wajerumani walikusanya wanaume wazito kwenye bobu moja wakashinda, na kikomo cha uzito kikawekwa. Kwenye luji mwepesi huruhusiwa kuvaa uzito wa ziada.

Ukisoma muda wa luji, tafadhali soma tarakimu zote tatu baada ya nukta. Nagano 1998 Silke Kraushaar alimshinda Barbara Niedernhuber kwa sekunde 0.002 baada ya mbio nne. Ukikata tarakimu ya mwisho, unaweza kuwatangaza sawa.

Narudi kwenye njia. Tangu njia ya Königssee, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1960, barafu hugandishwa kwa mabomba yaliyomo ndani ya zege, na kasi ikapanda tena. Kwenye njia ya Whistler, Kanada, Olimpiki ya 2010, Nodar Kumaritashvili, mchezaji wa luji wa Georgia, alifariki mazoezini. Wakainua ukuta wa kona na kushusha mahali pa kuanzia. Usiliruke hili, hata kama dakika ni chache.

Sasa nijibu: kipindi ni Jumanne au kimesogezwa? Una dakika ngapi? Mbona wale wasichana watatu wa Nigeria wa bobu, Pyeongchang 2018, hawamo? Na Akwasi Frimpong wa Ghana kwenye skeletoni mwaka uleule? Salim atasoma matokeo au wewe? Rasimu mpya utanitumia kabla ya Jumatatu?

Wako,
Zuhura