Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Land Rover ya Chama na Safari ya Kisumu

Ndugu wanachama,

Hesabu za pesa mweka hazina atawasomea baadaye. Mimi nitazungumzia gari, maana ndilo lililokula muda wetu mwaka huu.

Land Rover Series IIA, ile ndefu iliyotoka jeshini, ilienda maonyesho ya magari ya kale Kisumu na kurudi Nakuru kwa injini yake yenyewe. Kamati imeamua mwakani itapakiwa kwenye trela. Sababu ni hizi.

Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya bahari. Mau Summit, kilele cha barabara ya kwenda Kisumu, inapita 2,400. Kule juu hewa ni nyepesi lakini kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inatoa petroli ileile, basi injini inakohoa, moshi unakuwa mweusi na plagi zinajaa masizi. Kabureta yetu, Zenith 36IV, ina ugonjwa wake juu ya huo: kifuniko hupinda kwa joto na ile raba ya duara iliyo chini yake hukauka, petroli ikapenya ndani kwa ndani. Gari hunywa mafuta hata bondeni, na fundi asiyeijua atabadilisha jeti (vitundu vinavyopima petroli) bure. Dawa ni kulaza msasa laini juu ya kioo, kusugua uso wa kifuniko kwa mizunguko mpaka mikwaruzo ienee kote, kisha kuweka raba mpya. Skrubu zikazwe kwa zamu, polepole. Kukaza kwa nguvu ndiko kunakokipinda tena.

Kifuniko cha rejeta nacho kikaguliwe. Kazi yake ni kubana maji yasichemke mapema. Maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 92 hivi pale Mau, kwa hiyo raba ya kifuniko iliyochoka haifichiki.

Kupanda kuna nafuu. Kazi iko kwenye kurudi, kuteremka Sachangwan hadi Salgaa katikati ya malori. Breki ni za ngoma magurudumu yote manne. Zikipata moto ngoma hutanuka, viatu vya breki, vinavyoisugua kwa ndani, vikaanza kuifuata mbali na pedali ikashuka. Gia ya kwanza na ya pili hazina sinkro, kile kinacholinganisha kasi ya meno ili gia iingie. Anayengoja mteremko umshike ndipo aitafute ya pili atasikia meno tu. Ichaguliwe juu, kabla ya kuanza kushuka.

Na handibreki: hii haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka giaboksi kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, au hafushafti, ile inayozungusha gurudumu la nyuma, ikikatika (na za Series hukatika), gari liko huru. Kisumu tulipewa nafasi kwenye mwinamo, watoto wakawa wanapanda na kushuka kutwa nzima. Vigingi viwili vya mbao nyuma ya matairi ndivyo vilivyolishikilia.

Kwenye trela, mikanda minne ifungwe kwenye ekseli, kwa kupishana, si kwenye chesisi. Ukifunga chesisi, springi zinacheza barabarani na mkanda unalegea. Simameni baada ya kilomita 30 mkaze upya.

Nguo za kijeshi asivae mtu, hata kofia. Sheria haimruhusu raia. Koti la bluu la fundi linatosha, na linapiga picha vizuri pia.

Bado tunatafuta tairi moja la akiba la saizi 7.50-16. Mwenye nalo amwone katibu kabla ya kikao kijacho.

Mwenyekiti