Mafundi, kabla hamjatuuzia redio mpya angalieni antena

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kitu kinachotukera madereva wengi ila tunakimeza kimya kimya, nacho ni redio za kwenye magari kutoshika. Unanunua gari kwa hela yako, unawasha redio unapata mikwaruzo tu, ukienda gereji unaambiwa bosi hii redio imekufa, leta laki mbili na nusu tukufungie ya Android. Mimi yamenikuta, na hela ndo ilikuwa hasara ndogo.

Mei 2024, siku zile za Kimbunga Hidaya, nilitoka Mbagala naenda Kilwa kwenye msiba wa shangazi yangu. Redio ilikuwa hiyo ya Android, mpya ina wiki tatu, skrini kubwa inang'aa, ila ukishavuka Mkuranga haikamati kitu. Basi nikaendesha hivyo hivyo bila habari yoyote, mbele huko nakuta foleni ya malori na mabasi, watu wametandika kanga chini wamekaa, barabara imekatika Somanga, maji yameondoka nayo. Dereva mmoja wa lori akaniuliza, kaka kwani wewe hukusikia? Mbona redioni wanatangaza, wenzako wamegeuzia Kibiti. Nyuma nilikuwa na watoto wawili. Tulilala kwenye gari na shangazi akazikwa sipo.

Sasa niwaambie nilichokuja kujua baadaye, maana hakuna fundi aliyenieleza mwanzoni. Gari zetu nyingi zinatoka Japani, na redio za kule kwenye FM zinaanzia megahezi 76 zinaishia 90. Huko juu ya 90 mpaka 108 wenzetu walikuwa wanapitishia TV, chaneli ya 1 hadi ya 3, wakaja kuzima TV za analoji 2011, ndo baadaye wakasogeza FM yao mpaka 95. Sisi stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndo maana mtu wa Dar anakwambia gari yangu inashika Clouds 88.5 na Wasafi 88.9 vizuri tu ila EFM 93.7 siipati kabisa. Hiyo redio ni nzima, haijafa, namba zimeishia hapo.

Dawa wanayotupa mafundi ni ekspanda, kiboksi kidogo kinakaa kati ya waya wa antena na redio, kazi yake kushusha masafa. Yangu ilikuwa inashusha 20, stesheni ya 100 naikuta kwenye 80. Sawa, lakini piga hesabu, 93.7 ukitoa 20 inabaki 73.7 na redio inaanzia 76, imeshapotea hiyo. Masafa ya kwetu ni debe, redio ya Mjapani ni galoni, haiwezi kuenea yote hata ufunge ekspanda ya aina gani. Aliyenifungia alikuwa analijua hilo, akachukua hela akanyamaza.

Ndo nikanunua hiyo ya Android, ikawa mbaya kuliko ya kwanza! Niliporudi kwa fundi akasema mawimbi ya huko kwenu Mbagala ni madogo.

Aliyenitoa ni fundi mmoja mtu mzima pale Tandika. Skrini hakuigusa, aliniuliza kwanza, mwanangu antena yako iko wapi? Nikamwambia gari hii haina antena mzee. Akanipeleka kwenye kioo cha nyuma akanionyesha ile mistari, hii mingi ya katikati ni ya kuondoa ukungu, hii miwili ya juu ndo antena yenyewe. Akasema antena ya kioo peke yake haina nguvu, kuna busta, kidude cha kukuza mawimbi, imefichwa pembeni kwenye nguzo, na busta inataka umeme wa volti 12 kutoka kwenye redio. Akachomoa redio akageuza mgongo wake. Waya wa bluu, ndo wa kupeleka umeme huo, ulikuwa umeviringishwa seloteipu nyeusi, haujaenda popote, umekaa hivyo tangu siku ya kufungwa. Akaumenya ncha, akauunga na waya wa busta, akawasha. Stesheni zikaja zimenyooka kabisa. Nilimpa elfu kumi, kazi haikuzidi robo saa.

Mzee huyo huyo ndo alinifundisha kupima. Tafuta stesheni inayoshika kwa shida halafu chomoa chaja ya simu, chomoa kamera ya kwenye dashibodi, zima taa kama umeweka balbu za LED za bei rahisi, kimoja kimoja huku unasikiliza, mara nyingi mchawi yuko humo. Ukisikia mlio unapanda kila ukikanyaga mafuta, huo ni umeme wa alternata, ile mashine inayochaji betri, mwambie fundi akaze ethi, yaani waya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Kama antena yako ni ya fimbo, ifungue uone nati ya chini kama haijashika kutu. Na tinti, kuna zile zenye chembe za chuma, ukizibandika kwenye kioo chenye antena umeizika mwenyewe. Halafu paki na gari nyingine sehemu moja, kama zote hazishiki basi ni milima au umbali, FM haipindi kona, hapo usimlaumu mtu.

Ombi langu kwa wauza magari, andikeni wazi pale kwenye kioo mnapoandika bei kwamba redio hii inaishia 90, mteja ajipange mapema. Mafundi nao, mnajua kabisa mnachofanya, semeni ukweli, mtu anayesafiri masika na familia anaitegemea hiyo redio kujua kama mbele kunapitika. Na wewe dereva mwenzangu, kabla hujatoa hela gereji, mwambie fundi akuonyeshe kwa macho yako ule waya wa bluu umeishia wapi.

Msomaji wako, dereva,
Mbagala, Dar es Salaam