Mama aulizwe kama ananyonyesha kabla ya sindano ya picha ya jicho

Mhariri,

Mdogo wangu wa Nkuhungu hapa Dodoma ana kisukari na mtoto mchanga. Juzi alipigwa picha ya nyuma ya jicho, ile ambayo kwanza unachomwa dawa ya rangi, fluoresini, kwenye mshipa wa mkono. Alirudi ngozi ya njano, mkojo wa rangi ya chungwa, matiti yamejaa mpaka khanga imelowa. Hakuna aliyemuuliza kama ananyonyesha! Jirani akamwambia amwachishe kabisa, akaanza kumkorogea mtoto uji mwepesi wa mtama. Kichanga, uji! Niliumia sana.

Ndugu zetu wa kliniki za macho, ulizeni kabla ya sindano. Njano ya ngozi huisha baada ya saa kadhaa tu. Fluoresini huingia kwenye maziwa, na imewahi kuonekana humo hata baada ya saa 76, lakini kiasi chake ni kidogo, na mtoto mwenye afya kwa kawaida hana haja ya kuachishwa. Wa kuangaliwa sana ni kichanga, hasa njiti, aliyewekwa kwenye taa za kutibu manjano, kwa sababu rangi hiyo ikipigwa na mwanga inaweza kuunguza ngozi. Kwa huyo, daktari wa watoto aamue.

Na mama akiambiwa asubiri kwanza kabla ya kunyonyesha tena, afundishwe kukamua ili maziwa yasikauke. Akitaarifiwa mapema, atakamua ya akiba, mtoto anyweshwe kwa kikombe.

Mama wa Nkuhungu,
Dodoma