Iksora ya 150 na iksora ya 600

Haya tuongee bei za miche ya iksora, kile kichaka cha maua cha bustanini, maana haipiti wiki mtu hajaniambia "mbona wewe ghali, iksora barabarani ni shilingi 150 nawe wauza 600", na juzi kuna mteja kanambia kabisa nimemuibia.

Ile ya 150 mimi siijui ni aina gani, na aliyekuuzia huenda pia hajui. Iko iksora kibeti, ukiipogoa kidogo haikupiti kiuno, na iko ile kubwa inayopita kimo cha mtu, zikiwa bado kwenye karatasi nyeusi zafanana tu. Zangu nakata vipandikizi kwa mmea mama ninaoujua, zikishika mizizi nazitoa kivulini pole pole mpaka zizoee jua, kwa sababu mche uliolelewa chini ya neti ukiupanda kwenye jua la kaskazi mwezi wa kwanza majani yaungua yote halafu lawama ni kwa muuzaji.

Lakini shida kubwa ni mahali penyewe. Nyumba nyingi za Nyali na Bamburi hapa Mombasa chini ni jiwe la matumbawe, juu fundi ameacha kifusi cha simiti kakifunika na mchanga kidogo, nawe wapanda hapo hapo. Angalia jani changa, limegeuka manjano lakini mishipa yake bado kijani. Hapo mmea umekosa madini ya chuma, chokaa imezidi kwenye udongo na mizizi haiwezi kuyavuta. Watu wakiona hivyo wanamwaga mbolea ya DAP, na hiyo ndiyo inazidisha! Sisi twachimba futi mbili, kifusi chote kinatoka, twajaza udongo mwekundu na samadi iliyooza, ndio maana kazi ya kupanda naitoza kando na sipunguzi.

Mzee mmoja wa Tudor aliona hayo ni maneno ya kuuza, akajichukulia mti wa fikasi, bei rahisi, kijani mwaka mzima, na kweli ukiikatakata juu inakaa ndogo. Chini je? Mizizi iliingia bomba la maji machafu, ikabidi tailsi za baraza zivunjwe, hizo pesa ningempandia bustani yake na ya jirani.

Ukiwa umeelekeana na bahari hata iksora sikuuzii, chukua kichaka cha karisa kibeti, upepo wa chumvi haiujali na maua yake meupe yanukia, ila ina miiba kwelikweli, usiiweke wanapopita watoto.

Ukija niletee picha ya mahali penyewe iliyopigwa saa saba mchana, sio asubuhi, na unambie shimo la choo liko upande gani.